Bata Mzinga wa Majengo

Mlandege, Iringa
9 Juni 2024

Mke wangu mkubwa,

Shikamoo, Bibi. Naamini umeamka salama na baridi ya Mbeya haijakushinda. Mimi mzima. Nafundisha darasa la pili lile lile, watoto sabini, na kati yao kumi hivi wananisikiliza. Sijaoa mwingine kwa siri. Batuli nitamwoa mchana kweupe, na ruhusa uliitoa mwenyewe siku Mjomba Habibu alipopeleka barua ya posa kwa baba yake, Mzee Isihaka, pale Mwanjelwa. Unachelewa wewe tu kwenda kumwona mchumba. Kila siku ananiambia anatamani kumjua huyo Bibi Mama Habibu anayesifiwa.

Ningepiga simu, lakini simu yako imezimwa tangu Idi.

Neno lenyewe ni hili: kitabu changu cha watoto kimekubaliwa! Mchapishaji wa Dar ameniandikia. Kitatoka mwezi wa saba, na uzinduzi tutaufanya hapa Iringa, kwenye ukumbi wa shule, Jumamosi tarehe 28 Septemba. Mwalimu mkuu ameahidi kuazima spika. Batuli atakuja kuwasomea watoto, maana sauti yake inapendeza kuliko yangu. Nawe utakaa kiti cha mbele. Bila wewe sizindui kitu.

Hadithi inamhusu bata mzinga mmoja mwenye tabia fulani hivi. Utasoma mwenyewe kikitoka.

Msalimie jirani yako Faustina.

Mumeo mdogo,
Idrisa


Majengo, Mbeya
23 Juni 2024

Mume wangu mtoro,

Marahaba. Barua yako imeletwa na yule dada wa ofisi ya mabasi, imekunjamana na inanuka vitunguu. Sisi wazima. Magoti yananiuma, lakini yananiuma yote mawili sawasawa, kwa hiyo sichechemei. Mjomba wako yuko Tunduma na biashara zake. Anasema atarudi kesho, na kesho hiyo sasa ina mwezi wa pili. Kashata zinanunuliwa sana kwa sababu ya baridi. Faustina anakusalimu. Ameleta ndizi kutoka kwao Rungwe, tumezila mpaka tumezichukia.

Simu nimeizima nikaifungia kabatini. Kila ikilia ni msiba, au ni kijana ananiambia nimeshinda gari. Mwenye jambo la maana ataandika.

Hongera kwa kitabu. Nimelia kidogo, nikamwambia Faustina ni moshi. Mama yako angekuwepo angepiga vigelegele Uyole wakasikia. Ila hilo la kuzindua sijalielewa. Kwani kitabu kimezirai? Mimi najua anayezinduliwa ni mtu aliyeanguka, anapepewa na kumwagiwa maji ya uso. Faustina anasema siku hizi hata choo cha soko kinazinduliwa. Haya.

Jambo moja. Bata huyo ana "tabia fulani hivi". Idrisa, nimekulea mimi. Ulikuwa ukiniambia "Bibi, kuna kitu fulani hivi jikoni", najua kikombe kimevunjika. Tabia gani?

Mkeo wa haki,
Bibi yako


Mlandege, Iringa
20 Julai 2024

Mke wangu mwenye macho makali,

Shikamoo. Unisamehe kuchelewa kujibu, tulikuwa kwenye mitihani. Vitabu vimefika! Nimevinusa kimoja kimoja. Karatasi yake nzito, inateleza. Mwalimu mwenzangu mmoja ametoka Mgololo, kwao wote wanafanya kazi ya karatasi kiwandani. Alikishika kitabu, akalisugua jani kwa kidole gumba, akalipeleka kwenye mwanga, akasema, "Hii siyo ya kwetu, lakini siyo mbaya." Hadithi yenyewe hakuigusa.

Nakutumia nakala moja kwa basi, na nyingine nimempelekea Batuli. Ukurasa wa mwanzo kabisa kuna maneno yako. Nimeyaandika kwa utani wetu wa siku zote, na nimetumia jina lako halisi ambalo hakuna mtu analitumia. Batuli sijamwambia. Nataka akikutana nalo acheke mwenyewe.

Michoro ni ya Jailos, kijana wa Ipogolo. Ana mawazo yake huyo, mimi simwingilii. Huku upepo ni mwingi. Maembe bado. Bata anakoroma. Mahudhurio ya watoto darasani siyo mabaya.

Nakungoja tarehe 28.

Idrisa wako


Majengo, Mbeya
28 Julai 2024

Idrisa,

Marahaba. Hatujambo. Salamu zimeisha.

Kitabu nimekisoma mara tatu. Kwanza peke yangu, halafu na Faustina, halafu peke yangu tena nikiwa nimefunga mlango.

Kwa hiyo bata anakoroma. Uliliweka hilo katikati ya maembe na mahudhurio ukidhani nitalipita. Anakoroma "khoooo, pwi-pwi-pwi" mpaka bati la banda linatikisika. Kuku hawalali, mbuzi hawalali, wanamhamishia ng'ambo ya mto. Tena anavaa miwani, na mkono wa kushoto wa miwani umefungwa kwa uzi mwekundu. Jailos wa Ipogolo hajawahi kuniona hata kisogo. Huo uzi mwekundu aliuota? Na khanga aliyojifunga huyo bata ni ile yangu ya majani ya kijani, hata pale ilipoungua pasi pameungua.

Faustina alipofika ukurasa wa nne alisema, "Mama Habibu, we! Hii si wewe kabisa hii!" Akacheka mpaka akakaa chini, akataka maji. Nikamwuliza, "Kwani mimi nakoroma?" Akasema, "Mie sijasema kitu. Mie nasikiaga tu kule ukutani usiku, nikajua watu wamenunua mashine ya kusaga."

Mimi sikoromi. Aliyekuwa anakoroma ni marehemu babu yako. Alikuwa ananikosesha usingizi usiku kucha, sasa mimi ningekoroma saa ngapi?

Halafu ukurasa wa mwanzo. "Natabaruku kitabu hiki kwa mke wangu Mwanakhamisi wa Majengo, Mbeya, niliyelala naye chumba kimoja miaka mingi, na sijasahau hata usiku mmoja." Tabaruku ninayoijua mimi ni sahani ya chakula baada ya maulidi. Nikaenda kuangalia vitabu vya mjukuu wa Faustina, nikaona wote wanaotabarukiwa ni marehemu. Una haraka gani na mimi? Na hebu nieleze, kwa nini hujasahau hata usiku mmoja? Ulikuwa unasikia nini?

Uzinduzi sitakuja. Magoti.

Mwanakhamisi binti Athumani


Mlandege, Iringa
11 Agosti 2024

Bibi yangu, mke wangu, taa ya nyumba yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena. Magoti hayajambo? Faustina hajambo? Ndizi? Kashata? Mimi siyo mzima hata kidogo.

Batuli amenifungia simu. Alipokipata kitabu alifungua ukurasa wa mwanzo, akasoma, akanitumia ujumbe wa maneno mawili: "Msalimie Mwanakhamisi." Tangu siku hiyo namba yangu kwake haiingii. Bibi, kwao wanakujua kwa jina la Mama Habibu tu! Wamekaa kikao cha ukoo. Wamesema hawamtoi binti yao kwa mwanamume mwenye mke Majengo, tena mwanamume anayewatangazia watoto wa nchi nzima jinsi anavyolala naye.

Nilimpigia Mzee Isihaka. Nikamwambia, "Mzee wangu, huyo Mwanakhamisi ni bibi yangu mzaa mama." Unajua yeye anauza vifaa vya ujenzi. Akanijibu, "Kijana, mimi nimekaa dukani tangu hujazaliwa. Kila mwanaume niliyemfuma ananunulia mabati nyumba ndogo, ameniambia anampelekea bibi yake." Akakata. Mjomba Habibu naye akampigia kutoka Tunduma, akaambiwa mshenga hawezi kuwa shahidi.

Vitabu vyote vimeshapigwa chapa, siwezi kufuta neno. Na kikizinduliwa bila Batuli, mimi nitasimama mbele ya darasa la pili nilie. Nampenda yule msichana, Bibi. Sitapata mwingine anayecheka kama yeye, na sasa hacheki kwa sababu yangu.

Nenda Mwanjelwa. Waambie kwa mdomo wako kwamba wewe ndiye Mwanakhamisi. Siyo mbali.

Mumeo anayezama,
Idrisa


Majengo, Mbeya
16 Agosti 2024

Mume wangu mwenye wake wawili,

Marahaba mara mbili. Hatujambo sana. Mjomba wako amerudi, amekonda, amekuja na mablanketi ambayo hakuna aliyemwagiza. Magoti leo yana nafuu kwa sababu ya kucheka. Nilimsomea Faustina barua yako, tukacheka mpaka kashata zikaungua. Faustina anasema mzee yule wa mabati ana akili.

Nitakwenda. Mwanjelwa siyo Makka. Nitaoga, nitavaa, nitabeba kashata ambazo hazijaungua, nitakaa sebuleni kwao niseme, "Mke mkubwa ni mimi hapa, mnataka kuniuliza nini?"

Lakini kwanza uniandikie kwa mkono wako. Bata mzinga ni nani? Usiniambie habari za Jailos na mawazo yake. Nataka jina la mtu.

Nimekaa. Viatu vipo mlangoni.

Mwanakhamisi


Mlandege, Iringa
22 Agosti 2024

Mpenzi wangu,

Shikamoo. Nafurahi Mjomba amerudi. Huku tumepata mvua kidogo isiyo ya msimu, nguo zangu zikaloa kambani.

Nimetafakari sana swali lako. Ukweli ni kwamba bata mzinga ni marehemu Babu. Yeye ndiye alikuwa anakoroma, umesema mwenyewe. Ile khanga ni kwa kuwa alikuwa anajifunga ya kwako akienda kuoga. Mwenyezi Mungu amrehemu. Sasa naomba uende kesho.

Idrisa


Majengo, Mbeya
25 Agosti 2024

Idrisa,

Marahaba.

Babu yako alikufa na macho yake mazima, hakuvaa miwani hata siku moja. Na ukurasa wa tisa bata anataga yai.

Viatu nimeviondoa mlangoni.

Mwanakhamisi


Mlandege, Iringa
2 Septemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Leo sina habari za mvua wala za maembe.

Ni wewe. Bata mzinga ni wewe. Unakoroma, Bibi. Unakoroma tangu nilipopata akili. Mama alijua, Mjomba anajua, Majengo yote inajua, na sote tulikubaliana kwamba hakuna atakayekuambia mpaka Kiyama. Uzi mwekundu nilimwelezea Jailos mimi. Pale palipoungua pasi ni mimi pia.

Sasa nikwambie na la pili, maana hilo nalo hakuna aliyekuambia. Mama alipofariki nikaletwa kulala chumbani kwako, nilikuwa naogopa usingizi. Nilikuwa nimeona mwenyewe kwamba mtu analala na haamki. Basi nikawa nakaa macho gizani nakusikiliza. Ukivuta, khoooo, najua upo. Ikinyamaza naziba pumzi na mimi. Halafu inarudi, pwi-pwi-pwi, ndipo nageuka upande wa ukutani nalala. Hivyo ndivyo nilivyolala utoto wangu wote. Nilipokuja chuo hapa Iringa, siku ya kwanza bwenini sikupata usingizi, palikuwa kimya mno. Mwenzangu wa kitanda cha juu, Marcelino, akaniuliza nasikiliza nini. Nikamwambia namngoja bibi yangu aanze.

Ndiyo maana kwenye kitabu kicheche anakuja kula vifaranga siku ile ile aliyohamishwa bata. Ndiyo maana kuku na mbuzi wanavuka mto wenyewe kumwomba arudi. Hukuniandikia neno hata moja kuhusu mwisho wa hadithi, sijui kama uliufikia. Sikuandika ili watu wakucheke. Niliandika kukushukuru, na sikujua ningesemaje uso kwa uso.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Lakini pitia Mwanjelwa kwanza.

Mjukuu wako,
Idrisa


Majengo, Mbeya
13 Septemba 2024

Mume wangu Idrisa,

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilifika, ikakaa chini ya mto siku kadhaa. Moshi umekuwa mwingi sana nyumbani. Mjomba wako mzima, Faustina mzima, mablanketi bado tunayo.

Jana nimekwenda Mwanjelwa. Nilivaa baibui la Idi, nikabeba kashata, nikamchukua Faustina awe shahidi, kwa kuwa yeye hajawahi kuwa mshenga. Tukapokewa vizuri, lakini Mzee Isihaka ni mtu mgumu. Nikamwambia, "Mimi ndiye Mwanakhamisi." Akaomba kitambulisho. Akakiweka karibu na kitabu, akasoma herufi moja moja mithili ya mtu anayekagua misumari. Akasema, "Hapa pameandikwa Mwanahamisi. Kitabuni ni Mwanakhamisi. Huyu ni mwingine." Nikamwambia hiyo "k" waliila wenyewe ofisini siku ya kuandikishwa. Akasema, "Mama yangu, sikukatai, lakini siku hizi hata bibi wa kukodi wapo." Faustina akamwuliza, "Sasa Mzee, huyu nani amkodi? Na magoti haya?"

Tukaletewa chai ya maziwa na vitumbua. Batuli akakaa mbele yangu, macho yamevimba. Ni msichana mzuri, Idrisa. Usimchezee. Ana adabu hata akiwa na hasira, alinimiminia chai bila kunitazama lakini akakumbuka kunisogezea stuli ya miguu. Nikaona hili jambo ni la kusema kwa utaratibu. Lile kochi lao ni zuri, linammeza mtu. Nikafumba macho kidogo tu, nitafute maneno.

Nilipoyafumbua, familia nzima imesimama imenizunguka. Wadogo zake, mama yake, dada wa kazi na mwiko wake, hata wateja wawili waliotoka dukani. Batuli ameshika kitabu ukurasa wa nne, anafuata mistari kwa kidole, machozi yanamtoka kwa kucheka. Mzee Isihaka amevua kofia anafutia macho. Anasema, "Ndiye. Wallahi ndiye mwenyewe. Hata pwi-pwi-pwi ni tatu." Batuli akaniangukia magotini akaniomba radhi, akaniita mke mwenza.

Sijui kilichowaridhisha ni nini. Nimemwuliza Faustina njia nzima. Anasema labda ni upole wa uso wangu.

Basi posa iko palepale. Batuli amekufungulia simu, mpigie, na ukimpigia umwache aanze yeye kusema. Tutakuja kwa basi tarehe 27, mimi, Batuli, Faustina na Mzee Isihaka, ambaye ameniambia vitabu ishirini ni vyake, atavigawa dukani kwa kila anayenunua mabati. Kiti changu cha mbele kiwe na mto.

Mwisho wa hadithi niliufikia. Niliufikia mara zote tatu.

Sasa kuhusu barua yako. Mimi sikoromi, na neno hilo liishie hapa. Lakini naijua roho yako. Usiku wa kuamkia uzinduzi hutalala, utakaa kitandani unawaza nani atacheka na nani hatacheka. Kwa hiyo usinipangie nyumba ya wageni. Unitandikie hapo hapo kwako, chumba cha pili, na mlango tuuache wazi.

Mkeo,
Mwanakhamisi